Matendegu ya Lamu na Makali ya Dakika Chache

Mgeni anaposhuka gatini Lamu, jambo la kwanza afanyalo ni kuinua macho. Huitazama milango ya nakshi, boriti za mikoko zilizopangwa darini, na zidaka zilizochongwa kwa chokaa katika kuta nene. Mji huu, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, umezoea kutazamwa hivyo. Lakini upo ufundi mwingine ambao hauonekani ila kwa anayeinamisha macho: ule wa matendegu ya vitanda, miguu ya viti na nguzo za samadari. Ni kazi ya duara, iliyopita katika kerezo, na safari hii niliifuata hiyo.

Nakshi na ukerezaji ni ndugu wasiofanana. Mwenye nakshi huuweka mti ukatulia, kisha mkono wake ndio unaotembea. Mkerezaji hufanya kinyume: mti ndio unaokwenda mbio, na mkono hutakiwa utulie. Kwa hiyo mkono ukiteleza katika nakshi, alama hubaki mahali pamoja. Ukiteleza katika kerezo, alama huuzunguka mti wote ikawa pete.

Kazi hii ni kongwe kuliko umeme. Katika kerezo la zamani, mti hushikwa baina ya ncha mbili, ukazungushiwa kamba ya uta. Uta ukivutwa, mti huzunguka kumjia fundi na chuma hukata. Uta ukirudishwa, mti huzunguka kinyume na chuma huondolewa. Nusu ya mwendo ni kazi, nusu ni kungoja. Mjini Marrakech, nchini Moroko, wako mafundi ambao hadi leo huvuta uta kwa mkono mmoja na kuishika patasi kwa mkono wa pili, wakiielekeza kwa vidole vya mguu. Nchini Misri, vipande vidogo vingi vilivyokerezwa huunganishwa vikawa mashrabiya, zile kuta za mbao zinazopitisha upepo na kumsitiri aliye ndani. Hapa pwani kwetu, lugha yenyewe ni shahidi wa ukongwe huo. Tunalo neno kukereza, na kitanda cha Mswahili kina jina kwa kila kiungo chake: tendegu ni mguu, mfumbati ni mti wa ubavuni, na kitakizo ni ule wa upande wa kichwa au wa miguu.

Nyumba niliyoizuru iko mtaa wa Langoni. Ukitoka Usita wa Pwani, unaukata Usita wa Mui, kisha unaingia vichochoro ambamo mtu hulazimika kujibanza ukutani punda apite na mzigo wake. Karakana haina kibao mlangoni. Iko ndani, katika kiwanda cha nyumba. Katika Kiswahili cha leo, kiwanda ni mahali pa mitambo na wafanyakazi wengi. Katika nyumba ya mawe ya Lamu, kiwanda ni ule uwanja wa ndani usio na paa, unaoviletea vyumba mwanga na hewa. Hapa maana zote mbili zimekutana. Pembe moja kuna birika la maji na nguo zilizoanikwa. Pembe ya pili kuna kerezo la umeme, benchi, na rundo la maranda yanayonukia mti mbichi.

Fundi mwenyewe amepita miaka 60, na ameshika kazi hii tangu ujana. Ana watoto watatu. Wa kwanza anaishi Mombasa. Wa pili alikwenda kutafuta kibarua upande wa bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Wa tatu ni binti aliyemaliza kidato cha nne, na ndiye niliyemkuta ameketi mbele ya cherehe, lile jiwe la duara linalozungushwa kwa umeme, akinoa. Buibui lake lilikuwa limetundikwa ukumbini. Amevaa nguo ya mikono ya kubana, na mtandio wake umefungwa nyuma ya shingo, ncha zimechomekwa ndani. Huo si urembo. Kitambaa kinachoning'inia karibu na kerezo huvutwa kabla mwenyewe hajawahi kupiga ukelele.

Chuma alichokuwa akikinoa ni kipande bapa, kinene kiasi cha milimita 8, upana wake wapata inchi moja, na ncha yake imeviringwa kama kucha ya dole gumba. Ni chuma cha kukwangulia, nitakiita kikwangulio. Bobari, ile patasi yenye mdomo wa mfereji, hutangulia kuupa mti umbo. Kikwangulio hufuata, kikausawazisha na kuzisafisha pete na mabonde. Asiyekijua angedhani ni butu. Kisu cha jikoni hunolewa mdomo ukawa mwembamba. Mdomo wa kikwangulio umesimama karibu wima, kwa pembe ya nyuzi 70 hadi 80. Nilipouliza chuma kama hicho hukata kwa nini, binti aliniambia, "Shangazi, gusa juu, lakini usipitishe kidole kufuata makali. Kitoe nje."

Niliburuta dole gumba polepole kutoka bapa la chuma kuelekea nje, na mwishoni nikahisi kitu kikinikwaruza, chembamba kuliko unywele. Hicho ndicho kinachokata. Jiwe linapokula mdomo wa chuma, huisukuma chembe ya chuma juu, ikajikunja ukingoni kama ukucha mdogo. Macho hayauoni kwa urahisi, ila kidole huujua. Ukucha ukiwapo, kikwangulio hutoa maranda. Ukivunjika au ukilika, kinachobaki ni kipande cha chuma kinachosugua mti.

Namna ya kuuleta ukucha huo ina utaratibu wake, na binti aliufuata bila kuruka hatua. Kwanza alilaza bapa la juu la chuma juu ya kinoo na kukisugua mara chache, ili mabaki ya ukucha wa zamani yaondoke. Kisha alikipeleka kwenye cherehe, bapa likiwa juu, akauegemeza mdomo kwa pembe ile ile ya siku zote. Hakukandamiza. Aliuzungusha mkono toka kushoto hadi kulia kuufuata mviringo wa ncha, kwa mwendo mmoja, kwa kuwa mahali mkono unaposita ndipo panapotokea shimo. Kando yake palikuwa na kopo la maji, na kila baada ya pumzi chache alikichovya chuma. Chuma cha kawaida kikipata moto hadi kikageuka rangi ya samawati, ugumu wake umekwenda. Sehemu hiyo haina budi kusagwa mpaka iishe, na chuma hufupika bure.

Vikwangulio vya nyumba hii vimefuliwa na mhunzi kutokana na springi za lori. Fundi hapendi vile vinavyochongwa kwa tupa kuukuu, ingawa chuma chake ni kizuri na hupatikana kwa bei ndogo. Tupa imekazwa sana ili iweze kukwaruza chuma kingine, na ugumu wake ni kama ugumu wa kioo. Ikinasa ghafla katika mti unaozunguka yaweza kukatika, na kipande kikaruka kuelekea usoni. Anayetaka kuitumia hana budi kuipeleka kwanza kwa mhunzi ailegeze kwa moto wa kiasi, ili ipoteze kidogo ugumu na ipate ustahimilivu.

Kazi ya kukwangua yenyewe haihitaji nguvu. Fundi huisogeza pumziko ya chuma, yaani ile nguzo ambayo patasi hulazwa juu yake, karibu kabisa na mti, kisha huuzungusha mti kwa mkono kuhakikisha haugusi popote, ndipo awashe umeme. Hukilaza kikwangulio sawasawa juu ya pumziko, akauinua mpini kidogo ili makali yatazame chini, na kuyaleta kwenye kimo cha katikati ya mti. Sababu yake ni hii: makali yanayotazama chini, yakinaswa, husukumwa yakaanguka mahali patupu, makali yanayotazama juu, yakinaswa, huvutwa ndani ya mti, na hapo kazi huharibika, au mkono. Ndani ya bakuli utaratibu ni huo huo, isipokuwa makali huwekwa juu kidogo ya katikati, kwa kuwa huko ndiko kuna nafasi ya kuangukia.

Zaidi ya hapo, fundi hutazama kinachotoka. Kikwangulio chenye ukucha hutoa maranda membamba, yenye kujikunja. Maranda yakigeuka vumbi, ukucha umekwisha. Katika mti mgumu kama mbambakofi hilo huchukua dakika chache tu. Hapo ndipo mkono wa mtu asiye na subira hushawishika kukandamiza. Anayekandamiza hukwanyua nyuzi za mti badala ya kuzikata, huupasha mti moto, na hujijazia mapafu vumbi. Vumbi la mbao si jambo dogo. La mvule hasa hujulikana kwa kuwasha ngozi, macho na kifua. Kwa sababu hiyo kila aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda kile alivaa barakoa na miwani, nami nikapewa vyangu kabla ya kupewa kiti.

Kwa kuwa makali hayadumu, nyumba ile ina vikwangulio vitatu vya umbo moja. Kimoja kiko mkononi mwa fundi, cha pili kimelala mezani kikiwa tayari, cha tatu kiko kwa binti kwenye cherehe. Baba akinyoosha mkono bila kugeuza uso, cha pili huwekwa kiganjani. Hawazungumzi. Niliwatazama hivyo muda mrefu, nikaona kwamba kazi inayohesabiwa kuwa ya mtu mmoja ilikuwa ikifanywa na watu wawili.

Wiki hiyo walikuwa na kitanda cha arusi, matendegu manne ya mbambakofi, kilichoagizwa na familia moja ya Mombasa. Mti wenyewe ulikuwa umepatikana kwa taabu. Tangu Februari 2018, Serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, mafundi wengi wamejifunza kungoja na kutumia walicho nacho: mwembe ulioanguka, mwarobaini wa uani, boriti ya nyumba iliyobomolewa. Gogo hili lilitosha matendegu manne, wala halikubakisha la tano. Tendegu moja likiharibika, kitanda kizima kimeharibika, kwa kuwa hakuna mti wa rangi ile wa kulifidia.

Matatu yalikuwa yamekwisha, na la nne halijaguswa. Fundi ana mtoto wa jicho katika jicho la kulia, na la kushoto limeanza. Matendegu yale matatu aliyakereza kwa kusikiliza zaidi kuliko kutazama. Anasema kikwangulio kikali kina sauti ya kitambaa kinachochanwa polepole, na kilichokwisha kina sauti ya mchanga. Lakini sauti haimwonyeshi mtu kama pete ya tendegu hili imelingana na pete ya lile. Hilo ni kazi ya bikari na macho. Kwa hiyo jioni moja, baada ya sala ya Alasiri, alimwambia mkewe kwamba tendegu la nne alikereze binti.

Nilitarajia kusikia habari ya watu watasemaje. Lugha ya mama ilikuwa nyingine. Alikaa juu ya jamvi, ungo wa mchele magotini, akiendelea kuchambua, akauliza mambo matatu kwa utulivu. Je, mkono wa mtoto uko tayari, au ni macho ya baba yaliyochoka? Je, kazi itabaki humu ndani, au atapelekwa kwenye karakana za watu? La tatu lilimnyamazisha fundi: atalipwa nini? Alisema kwamba tangu mtoto amalize shule ananoa kutwa, na kila kitanda kinapouzwa huhesabiwa mti, nauli ya mashua, umeme na ufundi. Kunoa hakujahesabiwa hata siku moja. "Bwana, wewe umezoea kusema kwamba kikwangulio bila ukucha ni chuma tu," alimwambia. "Basi huo ukucha una mwenyewe."

Wazee wetu walisema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Methali hiyo husemwa kumsifu mtoto asiyekaa bure kando ya kazi ya mzazi wake. Lakini anayevukuta naye hushika moto, na chuma hakilainiki bila yeye. Majumbani mwetu kazi za kuvukuta ni nyingi, na mara nyingi ni za wanawake: kushona vishikizo vya kanzu ambayo sifa yake humwendea mwenye cherehani, kutia viungo samaki ambao jina lake hubaki la mwenye duka. Mama yule hakudai sifa. Alidai hesabu.

Fundi alikubali, na asubuhi yake binti akasimama mbele ya kerezo. Baba akakaa kwenye cherehe, akanoa kwa vidole, kwa kuwa kunoa ni kazi ambayo dole gumba huiona vizuri kuliko jicho. Nilichokiona asubuhi ile ni jinsi binti alivyosimama mara kwa mara. Baba huenda na chuma mpaka maranda yaanze kukatika. Binti hakungoja hivyo. Alipitisha mara nne au tano, akakirudisha, akachukua kingine. Kwa mwendo huo tendegu lilichukua muda mrefu kuliko yale ya baba. Palipokaribia kitako, nyuzi za mti zilipogeuka mkondo, zikakwanyuka kiasi cha upana wa ukucha wa kidole. Mkono wake ulikwenda kwenye msasa, ukarudi. Alichukua kikwangulio kilichotoka jiweni muda huo huo, akapitisha mara mbili, kwa wepesi wa mtu anayefuta machozi ya mtoto, na mahali pale pakalainika.

Siku ya tatu alikuja shangazi wa bibi harusi kuyakagua, mama wa makamo aliyekuja kwa basi hadi Mokowe na kuvuka kwa boti. Yeye ndiye aliyenifunza namna ya kununua kitu kilichokerezwa, nami nawapa wasomaji kama nilivyopewa. Alilibeba tendegu mpaka mahali jua linapoingia kwa mshazari, kwa sababu mwanga wa juu huficha, na wa ubavuni husema kweli. Alipitisha kiganja kwa kuzunguka, kisha kwa urefu, pande zote mbili, kwa kuwa nyuzi zilizokwanyuka hulala upande mmoja na kusimama ukizirudia. Alitazama pembe za pete. Kikwangulio kikali huacha ukingo ulio wazi. Msasa mwingi huulainisha ukingo ukawa kama sabuni iliyotumika, na fundi anayetegemea msasa kuficha mkwanyuko hutambulika hapo. Mwisho aliuliza aonyeshwe kabla halijapakwa rangi, maana rangi nzito hufunika yote hayo, nayo nyuzi huinuka tena unyevu wa pwani ukiingia.

Kipimo hicho chafaa hata kwa kitu kidogo. Mti wa kusukumia chapati ulio jikoni mwetu nao umetoka katika kerezo. Ukiona unga unang'ang'ania mahali pale pale kila siku, pitisha kidole: huenda nyuzi zimekwanyuka hapo, na unga ulioganda ndani yake haukauki vizuri. Wa kazi safi huoshwa na kukauka mara moja. Tofauti ya bei kati ya huo na ule wa ovyo ni ndogo, nayo ndiyo nauli ya kwenda jiweni na kurudi mara kumi.

Shangazi yule aliyakubali matendegu yote manne. Yalifungwa kwa magunia, yakapakiwa juu ya punda mpaka gatini. Jioni, mama aliniletea daftari la hesabu, jalada lake limechakaa pembeni, niisome kwa kuwa miwani yake ilikuwa ghorofani. Ilikuwamo bei ya mti, nauli, umeme, na ufundi wa matendegu matatu kwa jina la baba. Chini yake, kwa mwandiko mwingine, palikuwa na mistari miwili ambayo haikuwahi kuwamo katika kurasa za nyuma: ufundi wa tendegu la nne, na kunoa. Mama aliniomba niisome tena ile ya mwisho, polepole, kisha akalifunga daftari na kuniuliza kama nitakula wali wa nazi au mkate wa mofa.